Usiku Harrier ya Mama Mkubwa Ilipokataa Kuondoka

Mwaka 2016 nilikuwa najifunza ufundi wa umeme wa magari kwa mjomba wangu, katika gereji iliyokuwa Gerezani, Dar es Salaam. Magari mengi tuliyoyahudumia yalikuwa ya Kijapani yaliyokwishatumika, na miongoni mwa maombi niliyoyasikia mara kwa mara ni ya wateja waliotaka imobilaiza iondolewe, yaani mfumo wa umeme unaoizuia injini isiwake bila ufunguo wenye chipu iliyosajiliwa. Mtu alipopoteza ufunguo, aliambiwa na fundi fulani kwamba ufunguo wenye chipu ni ghali, na kwamba ni nafuu kuchonga ufunguo wa chuma kitupu na kuufuta ulinzi uliomo kwenye kontroliboksi (kompyuta ya injini), ili gari liwake kwa chochote kinachoweza kuizungusha suichi. Mjomba hakuifanya kazi hiyo kwa mteja yeyote, na alimkatalia hata dada yake.

Dada yake huyo ni mama yangu mkubwa, aliyeishi Tabata na kutumia Toyota Harrier ya mwaka 2004. Alikuwa amedondosha ufunguo mmoja Kariakoo, akaja gereji akiwa tayari amepewa bei ya kuuondoa mfumo na fundi wa mtaani kwake. Mjomba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu, "Dada, nipunguzie hata hela yangu ya ufundi, lakini hiyo siitoi." Alimsajilia ufunguo mpya wenye chipu, na katika kazi hiyohiyo akaifuta kwenye kumbukumbu ya gari namba ya ufunguo uliopotea, ili aliyeuokota asiweze kuliwasha gari hata kama angelifuata hadi nyumbani. Mama mkubwa alilipa kwa shingo upande, na kwa muda mrefu hakuacha kuitaja gharama ile kila ukoo ulipokutana.

Alfajiri moja alimpigia mjomba simu akisema kwamba wezi wameingia uani. Tulipofika tulikuta kioo cha mlango wa dereva kimevunjwa, plastiki za chini ya usukani zimeng'olewa, na suichi imepasuliwa kwa bisibisi pana. Hata kufuli ya usukani, ambayo watu wengi huitegemea sana, ilikuwa imevunjika. Mlinzi wa nyumba ya jirani alieleza kwamba alisikia stata ikilia, injini ikishika na kuzimika papo hapo, kisha stata ikalia tena na tena, mpaka alipopuliza filimbi na majirani wakatoka. Vijana wawili waliruka ukuta na kupanda bodaboda iliyokuwa ikiwasubiri, wakiwa na vioo vyote viwili vya pembeni.

Askari aliyekuja kuandika maelezo hakuridhika. Alishangaa kwamba watu walioweza kuivunja kufuli ya usukani walishindwa kuliondoa gari ambalo stata yake ilikuwa inazunguka, akadhani kwamba labda mafuta yalikuwa yamekwisha au gari lilikuwa na hitilafu ya zamani. Mjomba akamwambia, "Afande, mafuta yapo na gari ni zima. Naomba nikuonyeshe."

Aliingiza bisibisi katika mabaki ya suichi, akaizungusha. Injini ilishika, ikaunguruma kwa muda mfupi sana, ikazimika. Alirudia, na mambo yakawa yaleyale. Kisha alimwomba mama mkubwa ufunguo wake, akanikabidhi na kuniagiza nikishikilie kichwa chake kwenye pete nyeusi ya plastiki inayoizunguka suichi, bila kuuingiza popote. Alipozungusha bisibisi ileile, injini iliwaka na kuendelea kuunguruma kwa utulivu. Aliizima, akaniambia niuweke ufunguo mbali, akasubiri kidogo, akajaribu tena, na injini ikafa kama mwanzo. Askari aliacha kuandika, akainama mwenyewe kuitazama ile pete.

Ndani ya pete hiyo mna koili ya waya. Suichi inapofunguliwa, koili hutoa mawimbi yanayoiamsha chipu ndogo iliyofichwa katika kichwa cha ufunguo. Chipu haina betri, nguvu yake yote hutoka kwenye koili, na ndiyo maana haisomeki ikiwa mbali. Chipu hujibu, na jibu lake hulinganishwa na funguo zilizosajiliwa katika kumbukumbu ya gari. Jibu lisipopatikana, au lisipolingana, injini hunyimwa mafuta na cheche. Wezi wale walikuwa wamelishinda kila chuma, na kilichobaki mbele yao hakikuwa na mahali pa kuchomeka bisibisi.

Askari aliuliza kama gari la namna hiyo basi haliibiki kabisa. Mjomba hakutaka kumdanganya. Alisema kwamba laweza kupakiwa juu ya lori, mwizi aweza kuja na kontroliboksi nyingine pamoja na chipu yake, na mwenye gari aweza kunyang'anywa ufunguo kwa nguvu. Nami nilikuja kusoma kwamba mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao wa RSA Laboratories, nchini Marekani, walionyesha jinsi ya kuivunja chipu moja iliyotumika katika mamilioni ya funguo, kwa sababu namba yake ya siri ilikuwa na urefu wa biti 40 tu, fupi kiasi cha kompyuta kuweza kuitafuta kwa kujaribu. Lakini njia zote hizo zinadai vifaa, maarifa au maandalizi, na mwizi wa usiku uswahilini ana dakika chache kabla filimbi haijalia.

Umoja wa Ulaya ulishalielewa jambo hili zamani, ukalazimisha kila gari dogo jipya liwe na imobilaiza kuanzia Oktoba 1998. Na wachumi wawili waliochunguza hali ya Uholanzi walikadiria kwamba mfumo huo ulipunguza wizi wa magari kwa asilimia 40 hivi. Kinachoniumiza ni kuona ulinzi huohuo, ambao mnunuzi wetu ameshaulipia ndani ya bei ya gari, ukifutwa gereji bila yeye kuelezwa anachopoteza. Gari hilo likiuzwa, mnunuzi wa pili hulilaza nje akiamini kwamba linalindwa.

Siku ileile tulilivuta gari hadi Gerezani, tukafunga suichi nyingine, tukaihifadhi pete ya awali kwa kuwa haikuwa imeguswa, na mjomba akahakikisha kwamba kumbukumbu ya gari haina ufunguo wowote zaidi ya zile mbili alizozijua. Imobilaiza hulizuia gari lisiondoke. Haizuii vioo wala taa kung'olewa. Kwa hiyo mama mkubwa alinunua vioo vingine, na safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyedai vichorwe namba ya gari kabla havijafungwa.