Dakika 15 za Kumtetea Kamanda

Nilikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya sheria nilipochaguliwa kuwa mmoja wa wanafunzi watatu wa kukiwakilisha chuo chetu katika shindano la mahakama ya kuigiza kuhusu sheria ya kimataifa ya kibinadamu, yaani sheria inayosema nini kinaruhusiwa na nini kimekatazwa vita vikishaanza. Shindano lilifanyika Arusha, wakati Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikuwa bado inaendesha kesi zake katika jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, na kwa mtu aliyeisoma hukumu yake ya Septemba 1998 dhidi ya Akayesu, meya aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, kwenye fotokopi iliyofifia, kupita tu mbele ya jengo lile kulitosha kunikausha koo.

Kesi tuliyopewa ilikuwa ya kubuni. Kamanda wa waasi aliamuru mizinga ipigwe kwenye daraja lililokuwa likipitisha malori ya jeshi la serikali. Siku hiyo ilikuwa ya gulio, na wachuuzi na wateja waliokuwa kando ya daraja wakauawa. Alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) kwa kuanzisha shambulio huku akijua kwamba madhara kwa raia yangezidi waziwazi faida ya kijeshi aliyoitarajia. Kila timu ilipaswa kuandaa upande wa mashtaka na upande wa utetezi, na upande wa kusimamia ulijulikana kwa kura tu. Katika raundi ya kwanza kura ilituangukia utetezi.

Kwa wiki sita tulikuwa tumebishana kuhusu uwiano: daraja lina thamani gani, raia wangapi ni wengi mno. Aliyetuokoa na ubishi huo usio na mwisho ni mwenzetu aliyekuwa mtafiti wa timu, msichana wa Pemba mwenye subira ya kusoma mikataba kifungu kwa kifungu. Yeye ndiye aliyegundua kwamba kosa aliloshtakiwa kamanda limo katika kifungu cha 8(2)(b)(iv) cha Mkataba wa Roma, mkataba ulioianzisha ICC, na kwamba orodha hiyo inahusu vita vya kimataifa peke yake. Katika orodha ya vita visivyo vya kimataifa, kifungu cha 8(2)(e), lipo kosa la kuwalenga raia kwa makusudi, lakini la shambulio lisilo na uwiano halimo. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu maiti ilitubidi tuulize vita vyenyewe ni vya aina gani.

Waasi wetu walikuwa wakipata fedha na silaha kutoka nchi jirani. Je, msaada huo ulitosha kuvigeuza vita vya ndani kuwa vya kimataifa? Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika kesi ya Nikaragua dhidi ya Marekani mwaka 1986, ilidai udhibiti wa karibu sana ili matendo ya kundi yahesabiwe kuwa ya dola inayolisaidia. Majaji wa rufaa wa mahakama ya kimataifa ya iliyokuwa Yugoslavia, katika kesi ya Tadić, Julai 1999, walilegeza kipimo hicho, ila hata wao walisema kutoa fedha na silaha pekee hakutoshi. Ni lazima dola iwe na mkono katika kupanga au kuratibu shughuli za kijeshi. Tulikuwa pia na kesi ya ICC dhidi ya Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji la Ituri, mashariki mwa Kongo, ambamo mwaka 2007 majaji wa hatua ya awali waliona kwamba kwa sehemu ya kipindi cha mashtaka vita vilikuwa vya kimataifa kwa sababu ya kuwepo kwa jeshi la Uganda, kisha waliosikiliza kesi yenyewe wakaamua mwaka 2012 kwamba vita alivyoshiriki Lubanga havikuwa vya kimataifa. Niliipenda mno hoja hii. Nilidhani nikiisoma tu, majaji watainamisha vichwa.

Nilikuwa sijamaliza dakika ya tatu rais wa jopo aliponikatiza: je, ninaiambia mahakama kwamba mteja wangu ana ruhusa ya kuua raia alimradi vita ni vya ndani? Nikajibu kwamba nitalifikia suala hilo baadaye, nikarudi kwenye karatasi yangu. Akauliza tena. Nikasema tena nitalifikia. Sikulifikia, dakika 15 zikaisha, na jaji wa kushoto alikuwa ameshaweka kalamu mezani. Tulipita raundi hiyo kwa sababu mwenzangu aliyenifuata alijibu kila alichoulizwa. Mimi nilipata alama za mtu aliyesoma kwa sauti nzuri.

Usiku ule sikulala. Nilitoka nje ya hosteli nikamkuta mlinzi, mzee aliyejifunika blanketi, anaota moto kwenye jiko la mkaa. Nikamwamkia, akaitikia, akataka kujua kijana mzima ananung'unika nini gizani. Nikamweleza kesi yote kwa Kiswahili, na kwa mara ya kwanza ndani ya wiki sita sikuwa na neno la Kiingereza la kujifichia. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, huyo mtu wako aliua au hakuua?"

"Watu walikufa, mzee. Ila kosa lile mahakama hii haikupewa."

Akafikiri kidogo. "Kama hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Kesi ya mauaji hasikilizi. Lakini hajasema mauaji ni halali."

Mfano huo haukai sawasawa, kwa kuwa mauaji yanayomshinda hakimu wa Mwanzo yana Mahakama Kuu inayoyangoja, ilhali kosa letu halikuandikwa popote katika Mkataba kwa vita vya ndani. Hata hivyo ulinionyesha nilikokwama: nilikuwa naogopa kukiri. Nilirudi chumbani nikaandika mistari minne kwenye kadi na kuacha kurasa nyingine zote mezani. Mstari wa kwanza ulisema: hapana, hana ruhusa.

Raundi ya pili kura ikatupa utetezi tena, na swali likaja lile lile, kutoka kwa jaji mwingine. Nikasema hapana, Mheshimiwa. Kanuni ya uwiano inawabana wapiganaji hata katika vita vya ndani, na utafiti wa Msalaba Mwekundu wa mwaka 2005 kuhusu sheria za kimila umeiorodhesha hivyo katika kanuni ya 14. Lakini si kila kilichokatazwa ni kosa ambalo mahakama hii inaweza kumtia mtu hatiani kwalo, na kifungu cha 22 cha Mkataba kinakataza kutanua tafsiri ya kosa kwa kulifananisha na jingine. Upande wa mashtaka ungeweza kumshtaki kwa kuwalenga raia. Haukufanya hivyo, kwa sababu ushahidi unaonyesha alilenga daraja. Jaji akatikisa kichwa kwa namna ambayo sikuweza kuitafsiri, akaandika kitu, akaniuliza kuhusu fedha za nchi jirani. Hapo sasa nilikuwa nyumbani.

Tulifika nusu fainali. Asubuhi ya kuondoka mzee alikuwa anamalizia lindo lake, akaniita kutoka getini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, mmemtoa yule kamanda?"

Nikamwambia tumeshindwa, na kwamba mara hiyo kura ilituweka upande wa mashtaka, kwa hiyo tulisimama kutwa tukiomba afungwe, na timu ya utetezi ikatupiga kwa hoja ile ile ya kwetu.

Mzee akalikunja blanketi lake taratibu. "Kwa hiyo ametoka," akasema.

"Ametoka, mzee."

"Basi, si ndivyo ulivyokuwa unataka?"

Akanifungulia geti, basi la Dar lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili.