Benrinnes ya Miaka 23, Wiski ya Kiwanda Kisicho na Wageni

Chini ya mlima Ben Rinnes, katika eneo la Speyside nchini Uskoti, vimejengwa viwanda kadhaa vya wiski. Kimojawapo ni Glenfarclas, ambacho kinafahamika kwa kila mpenzi wa kinywaji hiki na hupokea wageni. Kingine, Benrinnes, ambacho ndicho kilichobeba jina la mlima wenyewe, hakina kituo cha wageni, hakitangazwi popote, na karibu wiski yake yote huishia katika chupa za mchanganyiko, yaani wiski za viwanda mbalimbali zilizochanganywa pamoja, zenye majina ya watu wengine. Wiski ya kiwanda hicho, iliyokaa pipani miaka 23, ndiyo niliyoionja hivi karibuni, na kwa maoni yangu inazishinda nyingi zinazouzwa kwa bei mara mbili yake.

Historia yake ni ya misukosuko. Kilianzishwa mwaka 1826, kikasombwa na mafuriko makubwa ya mwaka 1829, kisha kikaanzishwa upya mahali pengine karibu na hapo katika miaka ya 1830. Leo kinamilikiwa na Diageo, kampuni inayotengeneza Johnnie Walker, na hapo ndipo ilipo sababu ya kusahaulika kwake: wachanganyaji wanaihitaji sana wiski nzito ya namna hii ili kuzipa uzito wiski nyepesi, hivyo kampuni haina haja kubwa ya kuinadi peke yake.

Uzito huo una chanzo chake. Viwanda vingi vya Uskoti hukeneka mara mbili, na inaaminika kwamba anayekeneka mara tatu hupata kinywaji chepesi na laini, kama ilivyo desturi ya Ireland. Benrinnes ilikeneka mara tatu kwa sehemu tu: pombe iliyotoka katika mtambo wa kwanza iligawanywa, ile kali ikaenda moja kwa moja kwenye mtambo wa mwisho, na ile dhaifu ikapitishwa kwanza katika mtambo wa kati. Hata hivyo, matokeo hayakuwa mepesi hata kidogo, na maelezo yake kwa kiasi kikubwa yamo katika namna ya kupoza mvuke. Badala ya vipozeo vya kisasa vyenye mirija mingi myembamba, kiwanda hiki kimeendelea kutumia bomba refu la shaba lililojiviringa ndani ya tangi la maji baridi. Aliyewahi kuuona mtambo wa gongo, na bomba lake likipita majini, ameshaielewa kanuni yake. Mvuke unapogeuka kimiminika haraka, haupati muda wa kutosha wa kugusana na shaba, na shaba ndiyo inayoondoa harufu za salfa. Salfa hiyo inapobaki, wiski changa hunuka kama mchuzi wa nyama, na inahitaji miaka mingi ya pipa ili kutulia.

Chupa niliyoonja ilikenekwa mwaka 1997 na kujazwa na mfanyabiashara huru aliyenunua pipa lake, bila kuongezwa rangi wala maji. Rangi yake ilikuwa ya majani makavu, jambo litakalowashangaza wanaodhani kwamba umri hupimwa kwa weusi. Pipa la mwaloni lililokwisha kutumika mara kadhaa halitoi rangi nyingi, na kwa wiski yenye tabia kama hii naona ni heri, kwa kuwa pipa jipya lingeifunika.

Harufu ya kwanza haikuwa ya kupendeza: njiti ya kiberiti iliyozimwa punde, kisha ngozi, kisha supu ya mifupa. Niliiacha glasi itulie, na ndipo yakajitokeza matofaa yaliyookwa, maganda ya machungwa na nta. Mdomoni ilikuwa nzito na yenye mafuta, ikaanza na utamu wa asali, ikafuatiwa na pilipili manga na tangawizi, na ile ladha ya nyama ikarudi mwishoni na kukaa kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Matone machache ya maji yaliifungua zaidi upande wa matunda. Nilipoongeza mengine, uzito wake ukapotea, na bila uzito huo inabaki wiski nzuri ya kawaida tu. Barafu sishauri kabisa. Anayependa wiski laini yenye vanila nyingi huenda asiimalize glasi yake, na sitamlaumu.

Mwaka wa kukenekwa ni muhimu kwa atakayeitafuta, kwa sababu utaratibu wa mara tatu ulikoma mwaka 2007 na mitambo ikapangwa upya kukeneka mara mbili, ingawa mabomba ya majini yalibaki. Kwa hiyo chupa ya miaka 15 iliyojazwa siku hizi imetokana na utaratibu mpya, hata kama maandishi yake yanafanana na ya zamani. Mapipa ya kabla ya hapo yanazidi kupungua, na mengi yaliyobaki yamo mikononi mwa wafanyabiashara huru, ambao kwa kawaida huandika mwaka wa kukenekwa waziwazi kwenye lebo. Mimi ningeanza na chupa isiyotoka katika pipa lililowahi kuwekwa sheri, mvinyo mkali wa Kihispania, ili ladha ya kiwanda chenyewe isikike kwanza.