Kile kiboksi cha rangi

Juzi kazini, hapa Marekani, nilikaa kwenye meza ya usaili. Kijana wa tatu, mweusi, alijibu vizuri kuliko wenzake wote. Alipotoka, mwenzangu akafunga faili na kusema, kama mtu anayesoma utabiri wa hali ya hewa: "Huyu atapita tu, si wanatafuta idadi ya weusi."

Idadi ipi? Nilimuuliza, akakaa kimya. Nadhani alitegemea mimi ndiye niijue.

Simlaumu sana. Nilipokuwa naomba chuo, niliweka alama kwenye kiboksi cha "mweusi" kwenye fomu nikijua kiti changu kimeshatengwa. Barua ya kukubaliwa ilipofika niliifurahia kwa aibu, kama mtu aliyepenyezwa mlango wa nyuma. Mwaka mzima nikisifiwa darasani najisemea, umebebwa wewe. Kumbe kutenga viti kwa rangi kulikatazwa tangu kesi ya Bakke katika Mahakama ya Juu, 1978! Vyuo viliruhusiwa tu kuitazama rangi kama jambo moja kati ya mengi, na hilo nalo Mahakama ya Juu ikalipiga marufuku Juni 2023 katika kesi ya Harvard. Takwimu za kesi hiyohiyo zilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 40 ya weupe waliopokelewa Harvard walikuwa wanamichezo, watoto wa waliosoma pale, watoto wa wafanyakazi, au walio kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili. Hao hakuna anayewauliza nani aliwabeba.

Kwenye ajira, sheria ya haki za kiraia ya 1964 inakataza kumpa au kumnyima mtu kazi kwa sababu ya rangi. Kiboksi kipo, mwombaji hukijaza akitaka, lakini sisi wasaili hatuletewi. Tunacholetewa ni wasifu, na juu kabisa ya wasifu kuna jina.

Hapo kwenye jina ndipo penye kazi. Mwaka 2004 wachumi Bertrand na Mullainathan walichapisha matokeo ya wasifu wa kubuni kama 5,000 waliopeleka kwa waajiri wa Boston na Chicago. Sifa zilifanana, wenye majina ya kizungu waliitwa kwa takriban asilimia 50 zaidi ya wenye majina yanayosikika ya weusi.

Mwenzangu alijaribu jina la kijana yule mara mbili, likamshinda, akaishia kumwita "yule wa tatu". Kwenye karatasi yake ya alama pia kaandika hivyohivyo: wa tatu. Nikaomba kalamu, nikaliandika lote.