Taa Ambayo Haikuwaka

Tangu Jumanne kuna neno moja linalonizunguka kichwani, nami nimeshindwa kulitua. Neno lenyewe ni "haya", na aliyelitamka ni Baba, kwenye simu, baada ya mimi kumjibu kwa sauti ambayo sikulelewa kuitumia mbele yake.

Mnakumbuka kwamba lile gari lake la zamani, ambalo sasa ni langu, lilikataa kuwaka mwezi uliopita, nami nikanunua betri mpya na kuandika hapa kwa furaha kwamba mambo yamekwisha. Hayakwisha. Siku ya tisa betri mpya nayo ilishindwa kuzungusha stata, ile mota inayoiamsha injini. Ukasikika mlio wa tik, tik, tik, kisha taa zote za dashibodi zikafifia. Nilimpigia Baba si kwa kutaka ushauri hasa, bali kwa kutaka anihurumie.

"Taa ya betri inasemaje?" akauliza.

"Haijawaka hata mara moja, Baba. Ndiyo maana nasema nimeuziwa betri mbovu."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Na ilipaswa kuwaka lini?"

"Baba, taa ile ikiwaka ndipo kuna tatizo. Isipowaka, mambo ni salama. Hilo hata mtoto analijua."

Kikapita kimya. "Haya," akasema, kisha akauliza hali ya watoto.

Wiki hii mdogo wangu amejifungua salama mtoto wa kike, na ofisini nimehamishiwa idara nyingine, lakini hata nilipokuwa nimempakata yule mchanga nilikuwa bado nakisikia kile kimya kilichotangulia "haya". Nililichukulia swali la Baba kuwa usahaulifu wa mzee, kumbe lilikuwa swali lenye jibu, na jibu lake ndilo lililokuwa ugonjwa wa gari.

Jumamosi alikuja mwenyewe. Hakufungua boneti kwanza kama nilivyotarajia, bali aliketi kwenye kiti cha dereva, akazungusha ufunguo bila kuwasha injini, akaniambia nihesabu taa. Ya oili ilikuwa inawaka, ya breki ya mkono ilikuwa inawaka, na pale penye picha ya betri palikuwa peusi. Akaniwekea kidole papo hapo, hakusema neno.

Nitaeleza alivyonieleza, kwa kuwa nadhani wengi tunaisoma taa hii nusu nusu. Picha yake ni ya betri, lakini habari inayoleta ni ya kuchaji. Upande mmoja balbu yake hupokea umeme kutoka kwenye swichi ya ufunguo, na upande wa pili imeunganishwa na altaneta, mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme na kuichaji betri. Ufunguo unapofunguliwa na injini haijaunguruma, umeme hupita kwenye balbu kuelekea kwenye altaneta, ambako huamsha sumaku ya rota, sehemu yake inayozunguka. Injini ikishika na altaneta ikaanza kuzalisha, pande zote mbili za balbu huwa na nguvu sawa, na kwa kuwa hakuna tena tofauti ya kusukuma umeme, taa huzimika. Kwa hiyo kuzimika kwake kuna maana pale tu ilipotangulia kuwaka. Kwenye magari ya zamani kama hili, ambayo hayana njia nyingine ya kuiamsha altaneta, balbu ikiungua altaneta inaweza kulala usingizi safari nzima, huku dereva akitazama dashibodi safi na kushukuru. Ndivyo nilivyofanya kwa siku tisa. Betri mpya iliendesha gari zima peke yake mpaka ikaishiwa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba geji ya volti ilikuwa ikinieleza ukweli wakati wote. Geji hii ina namba 8, 12 na 16, na mshale ulikuwa umetulia karibu kabisa na katikati. Nimezoea kwamba mshale wa joto ukikaa katikati injini iko salama, nami nikaihamishia geji ya volti imani hiyohiyo. Lakini volti 12 si salama kwa gari linalounguruma. Betri ya seli sita iliyojaa na kupumzika hupima takriban volti 12.6, injini ikiwaka, altaneta nzima huipandisha hadi kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Mshale usiopanda baada ya injini kushika unasema kwamba hakuna kinachoingia. Ukipita 15 na kubaki huko, hilo nalo ni balaa la upande wa pili, kwa kuwa regyuleta, kidhibiti cha volti, imeshindwa kuzuia na betri inachemka, na huenda taa isikuonye.

Baba alijifunza udereva kwenye gari lenye geji ya ampea, inayoonyesha umeme unaoingia au kutoka kwenye betri, na ambayo husomwa kinyume kabisa na hii: baada ya kuwasha, mshale huruka upande wa kujaza, kisha hurudi taratibu kuelekea sifuri kadiri betri inavyorudishiwa kilichotumika. Kule, kurudi katikati ni heri. Alisema naye alichanganyikiwa alipokutana na geji ya volti mara ya kwanza. Hapo nikacheka, naye akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne kifua changu kikapata nafasi. Nikamwomba radhi. Akajibu, "Shika tochi vizuri," nami nikajua imekwisha.

Hatukufanya mengi. Alibonyeza mkanda wa altaneta, akauona umekaza. Akatikisa terminali, pale nyaya zinapoishika betri, zilikuwa imara. Nilimtajia ushauri niliowahi kupewa wa kuchomoa terminali injini ikiwa inaunguruma ili kuona kama altaneta inafanya kazi, akanikataza kwa ukali, maana volti huweza kuruka ghafla na kuua daiodi za altaneta pamoja na vifaa vingine. Tulibadilisha balbu ndogo nyuma ya dashibodi, tukaichaji betri kwa saa kadhaa, kisha nikafungua ufunguo. Taa ikawaka nyekundu. Sijawahi kuifurahia taa ya hatari namna ile. Injini ikashika, taa ikazimika, mshale ukapanda, na multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi, ikatoa volti 14.2; nilipowasha taa kubwa na feni, ikashuka kidogo tu, hadi 13.9.

Namba hizo nilizisoma mimi. Baba alikishika kipimo mbali na uso, akakisogeza karibu, akakirudisha mbali, kisha akanikabidhi na kusema, "Soma wewe." Wakati ule nilidhani ananifundisha. Usiku, nilipokuwa nairudia siku nzima kama ninavyorudia kila kitu wiki hii, nilikumbuka kwamba hata balbu alinipa nitafute maandishi yake. Aliondoka jioni, giza likiingia, akiendesha mwenyewe. Tangu hapo nimempigia mara mbili kumuuliza kama amepimwa macho mwaka huu, na mara zote mbili tumeishia kuzungumzia altaneta.