Bibi juu ya kiti cha plastiki

Tulifika kwenye Ukuta wa Magharibi, mahali patakatifu ambapo Wayahudi husali, Yerusalemu, Alhamisi asubuhi, na sijapiga hata picha mbili mume wangu akawa keshapotea. Ukiutazama ukuta, wanaume ni kushoto na wanawake kulia. Yeye alichota kofia ya bure kwenye kasha, ikamkaa kichwani kama kifuniko cha sufuria, akaenda zake. Mimi nikaingia upande wetu, ambao, niseme tu ukweli, ni mdogo kuliko wao kwa mbali. Tulibanana.

Nilitegemea kuwakuta wanawake wote wameuelekea ukuta. Kumbe wengi walikuwa wamegeukia kizuizi kinachotutenga na wanaume. Jumatatu na Alhamisi Torati husomwa hadharani, kwa hiyo familia huwaleta wavulana wao wa miaka 13 wafanyiwe bar mitzvah, yaani sherehe ya kuingia utu uzima kidini, pale. Kijana anasomea kwa wanaume. Mama, dada na shangazi hawavuki. Basi wanapanda viti.

Bibi mmoja mfupi alikuwa amevua viatu akavipanga chini ya kiti chake cha plastiki, kisigino kwa kisigino. Kiti kilikuwa kinayumba. Alinitazama, akaonyesha kwa kidole: shika hapo. Nikashika. Mkono wake mmoja uling'ang'ania kizuizi, mwingine umekumbatia mfuko wa peremende. Mjukuu alipomaliza, bibi akazimwaga zote upande wa pili, konzi kwa konzi, ya kwanza ikampata mwanamume mnene mgongoni. Kisha akapiga vigelegele. Hapo sikuhitaji mkalimani, nikaitikia.

Kizuizi hicho Wayahudi wanakiita mehitza, na sinagogi za Kiorthodoksi, yaani za Wayahudi wanaoshika desturi za kale, zote zinacho kwa namna fulani: pazia, ubao, au roshani ya juu. Wanaotafuta asili yake hurejea Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya Kiyahudi, inayosimulia shangwe za usiku Hekaluni wakati wa Sikukuu ya Vibanda. Kwanza wanawake walikaa ndani na wanaume nje, mzaha ukazidi. Wakabadilishana, mzaha ukabaki palepale. Mwishowe ikajengwa roshani, wanawake juu, wanaume chini. Kinachonifurahisha ni kwamba habari yenyewe ni ya ngoma na mienge, si ya sala ya kawaida.

Pale ukutani mambo ni mapya zaidi. Picha za karne ya 19 zinaonyesha wanawake na wanaume wamesimama pamoja kwenye kichochoro chembamba. Mwaka 1928, Siku ya Upatanisho, pazia liliwekwa kuwatenga, na polisi wa Waingereza, waliokuwa wakitawala, wakaling'oa watu wakiwa katika ibada, kwa sababu Waislamu walilalamika kwamba desturi ya mahali pale inabadilishwa. Kizuizi cha kudumu kilikuja baada ya vita vya 1967. Mimi nilikidhania rika la yale mawe, kumbe hata mama yangu amekizidi umri.

Je, kinanikera? Kile kiti kilinikera. Lakini pembeni yangu palikuwa na binti aliyebandika paji la uso kwenye jiwe, analia kwa sauti, hana habari na mtu, na sina uhakika angelia vile wanaume wakiwa wanapita. Wapo Wayahudi wanawake ambao tangu 1988 wanakuja kila mwezi mpya, upande huuhuu, kusali kwa sauti na vitambaa vya sala mabegani, na mara nyingi wanazomewa, wengine na wanawake wenzao. Kusini kidogo kuna sehemu isiyo na kizuizi. Mwaka 2016 serikali iliamua kuipanua na kuipa hadhi, mwaka uliofuata ikasitisha.

Bibi alishuka akiniegemea bega, akavaa viatu, akarudi kinyumenyume bila kuupa ukuta mgongo.

Mume wangu nilimkuta nje ananisubiri, kofia bado kichwani. Akatoa kitu mfukoni.

"Mama Neema, shika peremende. Huko kwetu zilikuwa zinanyesha tu, sijui zilitoka wapi."