Chupa mbili za mjomba: mimea na ini lenye makovu

Mjomba wangu, ambaye ini lake limejaa makovu, alinikabidhi chupa mbili za vidonge zilizoandikwa ubavuni kwamba ni za asili kabisa na kwamba husafisha ini, akaniomba nimsomee maandishi madogo. Ya kwanza ilikuwa na silimarini, inayotokana na mbegu za mmea wa miiba uitwao Silybum marianum. Ya pili ilichanganya kurkumini itokanayo na bizari ya manjano, piperini ya pilipili manga na mzizi mtamu wa susu.

Matumaini haya hayakuanzia hewani. Ndani ya ini zimo seli zenye umbo la nyota ambazo, ini likiwa zima, hukaa kimya zikihifadhi vitamini A. Ini likiumizwa mwaka baada ya mwaka na virusi, pombe au mafuta, seli hizo hupoteza akiba yao na kuanza kufuma nyuzi ngumu. Nyuzi hizo huibana damu itokayo matumboni, shinikizo hupanda, na hapo ndipo maji yanapojaa tumboni, mishipa ya umio inapotuna hadi kupasuka, na sumu zisizochujwa zinapofika kwenye ubongo. Katika maabara, kurkumini na silimarini huzituliza seli hizo, na makovu ya panya hupungua.

Kwa binadamu mambo huwa mengine. Utafiti wa Austria uliochapishwa mwaka 1989, wenye wagonjwa 170 wa sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, ulionyesha kwamba baada ya miaka 4 asilimia 58 ya waliotumia silimarini walikuwa hai, dhidi ya asilimia 39 ya wenzao. Furaha hiyo haikudumu, kwani utafiti wa Hispania wa mwaka 1998, wenye wagonjwa 200 wa sirosisi ya pombe, haukuona tofauti yoyote ya uhai. Mwaka 2012 Wamarekani walitoa matokeo ya wagonjwa 154 wa homa ya ini aina C, baadhi yao wakimeza hadi miligramu 700 za silimarini mara tatu kwa siku kwa wiki 24, na vimeng'enya vya ini, ambavyo hupanda ini likiumia, havikushuka kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Chupa ya pili ndiyo iliyonitia hofu. Kurkumini ikimezwa peke yake huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo mno, kwa kuwa ukuta wa utumbo na ini huibadili upesi na kuitupa nje. Piperini huzuia kazi hiyo, na watengenezaji hujivunia kwamba kiasi kinachoingia huongezeka mara 20. Hata hivyo, kwa mwenye sirosisi sehemu ya damu hupita njia za mchepuko bila kuligusa ini, na hivyo kipimo kinachomfaa mtu mzima wa afya hakiwezi kuchukuliwa kuwa ndicho chake. Tena Italia na Marekani zimeripoti watu walioumia ini baada ya kutumia vidonge vya manjano. (Sisemi juu ya manjano ya kwenye mchuzi.)

Susu nayo ina lake. Glisirizini iliyomo huufanya mwili ushike chumvi na maji na kupoteza potasiamu, ilhali mjomba anameza dawa iitwayo spironolaktoni ili chumvi na maji hayo yatoke. Kila asubuhi hupanda mizani na kuandika uzito wake daftarini. Tulipofungua kurasa za wiki mbili alizotumia chupa ile, uzito ulikuwa umepanda kilo 3. Siwezi kuapa kwamba ni susu, maana alikiri pia kwamba chumvi ya mezani hakuiacha.

Tulimpelekea daktari wake chupa zote mbili. Ya pili aliiondoa palepale. Ya silimarini alisema haina madhara makubwa, ila asitegemee muujiza. Mjomba akauliza kama basi hakuna mmea wowote ulioruhusiwa. Daktari akamwambia aendelee na kahawa yake bila sukari, kwa sababu wanywaji wa kahawa wameonekana kupata sirosisi na saratani ya ini mara chache zaidi, ingawa hakuna aliyethibitisha kwamba kahawa yenyewe ndiyo inayowakinga.