Barua Iliyotoka Nyumbani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu wiki hii ni Yeremia 29, mstari wa 4 hadi wa 7. Nawaomba msikimbilie mstari wa 11. Huo tunaujua, uko kwenye kadi za mahafali, kwenye fulana za kwaya na nyuma ya bajaji moja pale soko la Sabasaba, hapa Dodoma. Ni neno zuri. Ila mstari unaoutangulia unataja miaka sabini, na hiyo hakuna anayeiandika kwenye bajaji.

Hii ni barua. Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza alimchukua mfalme Yekonia pamoja na mama yake, wakuu, mafundi na wahunzi, akawapeleka Babeli. Yeremia akabaki Yerusalemu, akawaandikia waliokwenda. Walioibeba barua ni Elasa na Gemaria, watu wa mfalme Sedekia waliokuwa na safari ya kiserikali kwenda huko huko. Sasa kumbukeni kilichotangulia katika sura ya 28. Nabii Hanania amesimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kuwa ni miaka miwili tu na kila mtu atakuwa amerudi. Ukishasikia miaka miwili, mizigo utaifungua ya nini? Kisha inafika barua ya Yeremia: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni na kuoza, utakieni mji huo amani na kuuombea, maana mkiupatia amani ndipo nanyi mtakapoipata. Haikupendwa. Shemaya aliandika kutoka Babeli kumlalamikia kuhani kwamba mbona mtu kama huyu hajakemewa.

Nimeirudia barua hii kwa sababu ya mpwa wangu. Wengi wenu mnamjua, alikuwa akiimba sauti ya pili kwaya ya vijana. Tangu Agosti yuko Marekani, jimbo la Ohio, anasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu kupitia mpango wa Fulbright, ule unaowachukua walimu vijana wa lugha kutoka nchi mbalimbali kwa mwaka mmoja wa masomo. Anafundisha, na yeye mwenyewe anaingia darasani kusoma. Mei anarudi. Ameniruhusu niyaseme haya.

Majuma ya kwanza nguo zake zilikaa sandukuni. Kabati lipo, tupu. Asubuhi anachomoa gauni, akishalifua na kukauka analikunja, analirudisha sandukuni, anavuta zipu. Kwenye simu aliweka kalenda ya kuhesabu siku zilizobaki. Chakula kilikuwa mkate na mayai ya kuchemsha katika birika la umeme, maana, kwa maneno yake, “Mjomba, kwa miezi tisa ninunue sufuria?”

Na darasani nako, siku ya kwanza wanafunzi walitaka awatamkie yale maneno mawili ya katuni ya simba, “hakuna matata”, kila mtu anacheka. Aliudhika. Nilimwambia asome Zaburi ya 137: waliowachukua mateka waliwataka nyimbo, tuimbieni baadhi ya nyimbo za Sayuni, na wao wakatundika vinubi vyao kwenye miti. Biblia haikuwakemea wale kwa kulia kando ya mito. Kwa hiyo mtu asimwambie kijana aliye mbali kwamba kukumbuka nyumbani ni upungufu wa imani. Kumbukeni Ezekieli alipofika kwa wahamishwa wa Tel-abibu, karibu na mto Kebari: alikaa kati yao siku saba kwa mshangao kabla neno la Bwana halijamjia tena.

Lakini na sisi tuliobaki tujiangalie. Katika kundi letu la ukoo la WhatsApp tulimwandikia nini? Mmoja: vumilia mwanangu, miezi si mingi. Huyo ni Hanania. Mwingine: ukishafika huko usiwe mjinga, tafuta namna ubaki. Wa tatu alitaka simu, tena alitaja na rangi. Hakuna aliyemuuliza jirani yake anaitwa nani.

Dada yangu ndiye aliyemsomea barua ya Yeremia, kwa simu, saa nne usiku hapa Dodoma, kule ikiwa saa nane mchana. (Novemba wenzetu wanarudisha saa zao nyuma, tofauti ikafika saa nane.) Alipofika penye “oeni” alisita, akasema, “Hapo ruka mama, hapo pa wengine,” akaendelea na kuuombea mji.

Najua mtu atauliza: Yeremia aliwaandikia watu wa miaka sabini, wengi wao walizikwa huko. Huyu ni wa miezi tisa. Barua inamhusu vipi? Mimi naona inamhusu zaidi. Mwenye miaka sabini hana ujanja, mwisho atajenga tu. Mwenye miezi tisa ndiye anayeweza kuishi yote amesimama mlangoni. Na bustani si lazima iwe ya miembe. Mchicha unaupanda leo, baada ya wiki tatu au nne unachuma, unaotesha tena. Katika miezi tisa umekula mara ngapi?

Alinunua sufuria. Alinunua na koti zito katika duka la nguo kuukuu, yaani mtumba, kule kule mitumba inakotoka, na bado anasema bei ya Sabasaba ni nzuri zaidi. Anasali kanisa lililo karibu, na Jumapili baada ya ibada hubaki kuosha vikombe na akina mama wa pale, maana alikuta ndiko wanakoongea. Darasani hahubiri, si mahali pake, na anafanya vyema kuliheshimu hilo. Ila kila kipindi huanza kwa kujuliana hali, tena kikwetu, pasipo haraka: habari za tangu juzi, za nyumbani, za masomo. Mwanzoni waliona ni kupoteza muda. Kijana mmoja akaeleza kwa Kiswahili cha kuungaunga kwamba bibi yake amelazwa. Kipindi kilichofuata alichelewa, na alipofungua mlango darasa zima likamuuliza, mwalimu hajasema kitu, “Bibi hajambo?”

Wazee wengine wanahofia kwamba akizoea atabadilika. Wasome Danieli sura ya kwanza. Alikubali miaka mitatu ya elimu na lugha ya Wakaldayo, akavumilia hata kuitwa Belteshaza. Meza ya mfalme akaikataa. Alijua mahali pa kuweka mpaka, na hakuuweka kila mahali.

Tuje kwetu sasa, maana sikuandika haya kwa ajili ya mtu mmoja aliye Ohio. Uamuzi wa Dodoma kuwa makao makuu ni wa 1973, lakini wengi wenu mlikuja baada ya Julai 2016, ilipotangazwa kwamba Serikali inahamia huku. Na tangu treni ya SGR ifike 2024, Dar imekuwa safari ya saa chache. Ijumaa jioni stesheni inajaa. Siwahukumu: mke ana kazi kule, watoto wako shule, na familia lazima ionwe. Ninalouliza ni Jumatatu hadi Ijumaa. Kuna ndugu ana miaka saba hapa na barua yake ya uhamisho wa ushirika haijawahi kutoka Dar. Chumba chake Ilazo kina godoro, jiko la gesi la mtungi mdogo na begi. Vumbi la Dodoma analijua, upepo anaujua, chumvi ya maji anaisimulia kila mahali. Lakini bibi wa Kigogo anayemuuzia mlenda kila jioni, ndugu huyu hajawahi kumwambia hata “mbukwenyi”, salamu ya Kigogo, wala hajui kama mtama wake mwaka huu umeota.

Jumatano hii, katika maombi ya nyumba kwa nyumba, kila atakayekuja alete jina la jirani mmoja wa mtaa anaoishi, na shida moja ya jirani huyo tutakayoiombea. Jirani wa hapa, si wa Dar.

Tuombe.

Bwana, tunauombea mji ule wa Ohio, walimu wake, wagonjwa wake, na bibi wa yule kijana. Tunaiombea Dodoma: mvua ishike mashambani Chamwino na Bahi, wenyeji waliotupokea wasisukumwe pembeni na viwanja vyetu. Wasafirishe salama watakaopanda treni Ijumaa, uwarudishe salama Jumapili. Na mpwa wangu, Bwana, mtihani wa wanafunzi wake ni Alhamisi. Amina.